Ukishawavisha miwani, nyuso zao huzioni tena

Mwalimu mwenzangu, nasikia shule yenu imeletewa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayoziba macho na kumwonyesha mvaaji dunia ya kuigiza, na wewe ndiye umekabidhiwa ufunguo wa kabati. Hongera, na pole. Nimefundisha biolojia kwa vifaa hivyo kwa miaka kadhaa na nimeharibu vipindi vingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wanaokuja kuwapa mafunzo ya siku moja watakuonyesha vitufe. Kuna jambo hawaligusi, nadhani kwa sababu wengi wao hawajawahi kusimama mbele ya wanafunzi 40 huku kumi wamefunikwa macho: ukishawavisha, nyuso zao huzioni tena.

Angalia unavyofundisha siku zote. Unamwona aliyekunja kipaji, unamwona anayeitikia kwa kichwa ilhali hajaelewa, unamwona aliyeanza kusinzia pembeni, na unageuza maelezo papo hapo bila hata kujua kuwa umeyageuza. Mtoto akivaa ile miwani, kuanzia paji la uso mpaka puani kumezibwa. Unabakiwa na mdomo ulioachama na mikono inayopapasa hewa. Na mdomo ulioachama, niamini, haukwambii lolote. Mwenye kustaajabu na mwenye kuchanganyikiwa wote huachama vilevile.

Nilijifunza hili kwa njia mbaya. Tulikuwa ndani ya moyo. Programu ilikuwa inamchukua mtazamaji pamoja na damu, kama aliyepanda mtumbwi, inampitisha kwenye vali, ile milango ya moyo, na kumtupa upande wa pili. Wengine walikuwa wanapiga kelele, lakini msichana mmoja wa dawati la pili alitulia tuli. Nikamsifu kwa sauti, nikawaambia wenzake waige utulivu ule. Baadaye kidogo ndipo nilipoitazama mikono yake. Alikuwa ameushika ukingo wa dawati hadi kucha zimekuwa nyeupe. Nilipomvua miwani alikuwa ametokwa na jasho juu ya mdomo, na hakufika mlangoni kabla ya kutapika. Nilimuuliza kesho yake kwa nini hakusema. Akajibu, "Nilijua nikisema utanivua, na zamu yangu itakuwa imeisha."

Kichefuchefu hicho si udhaifu wa mtu. Macho yanauambia ubongo kwamba tunakwenda, na sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mwendo na mizani ya mwili, linasema tumekaa kwenye kiti. Ubongo hauna la kufanya na taarifa mbili zinazopingana, basi tumbo ndilo linalolipa. Picha ikichelewa kukifuata kichwa, hali huwa mbaya zaidi. Watengenezaji hulenga ucheleweshaji usizidi milisekunde 20 hivi, na simu dhaifu iliyochomekwa kwenye boksi la karatasi ili itumike kama miwani haifiki huko. Kwa hiyo chagua programu zinazomruhusu mwanafunzi asimame mahali pamoja na kuangaza huku na huku, au zinazomhamisha kwa mruko mmoja, badala ya zile zinazomtelezesha. Wakalishe. Dakika tano au sita zinatosha kwa mara ya kwanza. Na kabla ya kugawa, uliza nani hutapika akisafiri kwa gari, maana mara nyingi hao ndio wa kwanza kuzidiwa. Mwisho, waambie wazi kwamba atakayevua mapema atarudishiwa zamu yake siku nyingine. Sentensi hiyo moja imeniokolea sakafu mara nyingi.

Tangu siku ile natazama mikono na miguu. Mguu unaotafuta sakafu ni wa mtu anayepoteza mizani. Anayemeza mate mara kwa mara, mvue. Aliyeacha kugeuza kichwa kabisa huenda amefumba macho, na ukimuuliza atakana.

Lakini mikono haikwambii kama mtu ameelewa. Hilo ndilo pigo la pili, nalo huchelewa kuonekana kwa sababu kipindi chenyewe huwa cha furaha. Baada ya safari ile ya moyo, niliwapa wale waliobaki wazima maswali matano mepesi. Damu inayotoka mapafuni inaingia chumba kipi? Mmoja akaandika kwamba kuta ni nyekundu na zinatetemeka. Mwingine akachora vali nzuri ajabu, kila ubapa mahali pake, asijue ni ya upande gani. Walikuwa wameona kila kitu na kukielewa kidogo sana.

Nilidhani kosa ni langu peke yangu mpaka niliposoma utafiti wa Jocelyn Parong na Richard Mayer wa mwaka 2018. Waliwalinganisha wanafunzi wa chuo kikuu waliosoma somo la biolojia ndani ya uhalisia pepe na waliosoma somo hilohilo kwa slaidi za kompyuta. Wa miwani walilifurahia zaidi, ila wa slaidi ndio waliofanya vizuri kwenye jaribio. Mwaka uliofuata mtafiti Guido Makransky na wenzake, Mayer akiwemo, waliwapima wanafunzi mawimbi ya ubongo wakiwa kwenye maabara ya kuigiza. Waliovaa miwani walijihisi wako maabara kweli, lakini walijifunza pungufu kuliko waliotumia skrini ya kawaida, na ubongo wao ulionyesha dalili za kulemewa. Usizichukue tafiti hizi kama hukumu dhidi ya vifaa. Kilichonifaa mimi kimo kwenye ile ya 2018: waliokatishwa kila baada ya kipande ili waandike muhtasari kwa maneno yao walifanya vizuri kuliko waliopita moja kwa moja.

Basi nami nikaanza kukatisha. Wanalalamika, nakatisha hivyo hivyo. Dakika mbili ndani, vua, andika sentensi tatu, vaa tena. Mwanafunzi akiandika, uso unarudi, na unaweza kusoma ulichokuwa umekikosa.

Njia ya pili ninayoitegemea ni kumpa kila mvaaji mwenzake. Mvaaji anasimulia anachokiona, mwenzake anaandika na kuuliza: ulipoingia ulikuwa chumba gani, mlango uko kulia au kushoto, umefunguka kuelekea wapi? Mwandishi hana miwani, kwa hiyo hawezi kukubali jibu la "aisee, we acha tu." Atambana mpaka aeleweke. Wakati huo mimi nazunguka nikisikiliza mazungumzo, na mazungumzo yananiambia yale ambayo nyuso zilikuwa zinaniambia zamani. Miwani nyingi zinaweza pia kurusha picha kwenye skrini ukutani, na ikiwezekana fanya hivyo, ila kumbuka utaona anachoona mmoja tu, wale tisa wengine wataendelea kuwa gizani kwako.

Mwandishi anatatua pia tatizo la hesabu. Una miwani 10 na wanafunzi 40, hizo ni zamu nne. Dakika sita ndani, na nne za kuvaa, kukaza mikanda, kurekebisha lenzi hadi maandishi yasiwe na ukungu, kuvua na kupangusa. Zamu nne mara dakika kumi ni dakika 40, kipindi kimekwisha na hujafundisha kitu. Wale 30 wanaosubiri watafanya wanachofanya watoto wote wanaosubiri: watamtekenya aliyevaa. Mimi huigawa kazi katika vipindi viwili, na wasio na miwani wala kazi ya kuandika wanapewa mchoro wa karatasi waujaze. Karatasi haijawahi kuniangusha.

Kuhusu nafasi, usidanganywe na video za matangazo. Kutembea ndani ya uhalisia pepe kunahitaji eneo tupu la takriban mita mbili kwa mbili kwa kila mtu. Darasa lenye madawati halina maeneo kumi ya namna hiyo. Viti vinatosha, na usione haya kuvitumia.

Sasa jioni ya kabla ya kipindi, maana hapo ndipo vipindi vingi hufia. Washa kila kifaa, usiishie kwenye kimoja. Miwani isiyo na waya hukaa na chaji saa mbili hadi tatu hivi, na iliyolala kabatini wiki mbili itakuwa imekwisha hata kama uliiacha imejaa. Ingiza akaunti, fungua programu yenyewe, nenda hadi kwenye ukurasa utakaoutumia. Niliwahi kugawa vifaa vyote, darasa zima limeshusha pumzi, vinne vikaanza kujisasisha. Hakuna ninachokikumbuka kirefu kama ule mstari mwembamba ukitambaa kwenye skrini. Tangu hapo nasasisha jioni, na asubuhi nazima masasisho. Mwombe pia anayesimamia mtandao wa shule akufungulie anwani unazohitaji, kwa sababu mitandao mingi ya shule huzuia video nzito na hakuna atakayekwambia mpaka uone duara linazunguka.

Na usiujenge mpango wa somo juu ya programu moja. Google walizindua Expeditions, programu ya kuwapeleka wanafunzi safari za kuigiza, mwaka 2015, ikasambaa madarasani, na mwaka 2021 wakaifunga. Microsoft nao mwaka 2024 waliacha kutengeneza HoloLens 2, miwani yao ya kuweka picha za kompyuta juu ya mazingira halisi. Vifaa hivi vina umri mfupi kuliko vitabu vyako. Andika lengo la somo kwanza, mwanafunzi atajua nini mwishoni, kisha kifaa kifuate. Kikifa, lengo bado liko mkononi mwako na utatafuta njia nyingine ya kulifikia.

Kama ningeanza upya, nisingeanza na miwani kabisa. Ningeanza na uhalisia ulioongezwa, ule wa kuelekeza simu au tableti kwenye kadi na mchoro wa pande tatu ukasimama juu yake. Sababu ni ileile: uso uko wazi. Watatu wanainamia tableti moja, wanabishana, unawaona. Nao una visirani vyake, usidhani ni mteremko. Kamera inahitaji mwanga na inahitaji kitu chenye alama au michoro cha kushikilia, kwa hiyo meza nyeupe tupu huichanganya na picha inaanza kuelea. Kadi nilizozifunika plastiki ili zidumu zilinitia aibu, kwa sababu plastiki ilimetameta chini ya taa na kamera ikashindwa kuisoma alama. Siku hizi nazibandika kwenye kadibodi bila plastiki, zikichakaa nachapisha nyingine. Halafu si kila simu inakubali programu hizi. Ukisema kila mtu aje na simu yake, umeshaligawa darasa kati ya wenye nazo na wasio nazo, na hata wenye nazo baadhi zitakataa. Tumia za shule, chache, kwa vikundi.

Utaulizwa ni somo gani linastahili miwani. Jeremy Bailenson, mtafiti wa uhalisia pepe wa Chuo Kikuu cha Stanford, ana kipimo ninachokipenda: tumia uhalisia pepe pale ambapo jambo hilo likifanywa kweli ni la hatari, haliwezekani, lina madhara, au ni ghali mno. Kuingia ndani ya moyo haiwezekani, sawa. Kupima urefu wa kivuli cha mti? Tokeni nje mkapime. Kwa kipimo hicho nimepunguza vipindi vyangu vya miwani hadi vinne kwa mwaka, na sijawahi kuona pengo.

Kuna makaratasi pia, nayo yafanye mapema. Soma masharti ya umri ya kifaa ulichonacho. Meta, watengenezaji wa miwani ya Quest, kwa mfano, walikuwa wakitaka miaka 13, na mwaka 2023 wakashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Pata ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na waulize kuhusu kifafa na matatizo ya macho. Tumia akaunti za shule, usiruhusu majina kamili ya watoto. Watafiti wa Stanford mwaka 2020 waliwachukua watu 511, na kwa data ya mienendo ya kichwa na mikono ya chini ya dakika tano tu, mfumo wao ulimtambua mtu kwa usahihi wa asilimia 95. Mtoto anapogeuza shingo anaacha alama, hata kama hakuandika jina popote.

Kisha kuna siku ya wageni. Mkuu wa shule atataka waingie wakute watoto wamevaa miwani, kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mimi nilikubali mara mbili, na mara zote mbili wageni walipiga picha wakaondoka kabla hatujavua. Mara ya tatu niliwapa wageni wenyewe miwani, watoto wakawa waandishi. Mkaguzi mmoja alisimulia vali ya kushoto akasema ni ya kulia, na mwandishi wake, mtoto wa miaka 14, akamwomba arudi nyuma aitazame tena.

Mwisho wa kipindi pangusa sehemu inayogusa uso kwa kitambaa cha dawa, lakini lenzi zipangusie kitambaa kikavu laini tu, spiriti inaziharibu. Wenye miwani ya macho waonyeshe namna ya kuvaa kuanzia mbele kwenda nyuma, vinginevyo lenzi zitakwaruzana. Na unaporudisha kabatini, usiziache hata dakika moja juu ya dawati zikitazama dirisha. Jua likipenya kwenye lenzi huunguza skrini iliyo ndani, na doa lile halitoki.