Fremu za Mikindani zinataka chokaa kabla ya mtaji

Mmeuliza serikali iwasaidieje wafanyabiashara wadogo wa mitaa ya kale. Najua wengi watajibu mikopo. Mikopo ipo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023, vikundi hewa vikiwa vimeshaila, ikarudi 2024. Sina ugomvi nayo. Ila mzee wa miaka sitini mwenye duka la nazi na sabuni pale Mikindani, mji wa kale wa pwani mkoani Mtwara, hayumo katika makundi hayo matatu. Na mama ntilie wa fremu ya pili akiupata huo mkopo, atanunua unga na masufuria, ukuta ubaki vilevile.

Kwangu mimi tatizo ni huo ukuta. Nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Mvua ikipenya, mwenye duka huita fundi aje na saruji, maana saruji Mtwara inatengenezwa hapahapa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe. Masika yakipita, plasta inabanduka na kuondoka na jiwe lenyewe. Chokaa huacha ukuta upumue, lakini fundi anayeijua umtafute, na gharama juu yako.

Boma la Mjerumani la hapo Mikindani, la mwaka 1895, lilipata wa kulishika mkono: Trade Aid, shirika la hisani la Uingereza, lililikarabati likawa hoteli. Hongera zao. Maduka ya mitaa iliyo chini yake nani atayashika?

Ningekuwa diwani ningeomba fungu la chokaa na fundi, vijana wa mtaa wakijifunza hapohapo kwenye kazi. Sharti liwe moja, tena kwa maandishi: mwenye nyumba asipandishe pango kwa miaka kadhaa. Bila hivyo ukuta ukishang'aa mpangaji anaambiwa apishe.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayelipa, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Jaribu kumdai mwenye nyumba anayeishi Dar akurudishie, uone! Kwa mitaa ya kale kodi hiyo ingesamehewa wakati nyumba inakarabatiwa, au walau ikatwe moja kwa moja kwenye pango, na afisa mtendaji wa mtaa awe shahidi.