Bomba la poli kupasuka lenyewe chini ya ardhi: sio lazima iwe presha

Mkuu umeuliza kwa nini bomba la poli mlilofukia kutoka kisimani mpaka kwenye tanki limepasuka baada ya miaka minne na pampu ni ile ile, wadau wengi wamekujibu presha imezidi. Mimi sikubaliani nao. Niko Kigoma, kazi yangu ni mabomba, na kabla sijauliza habari za pampu huwa naangalia kwanza ule ufa wenyewe.

Presha ikizidi bomba linavimba, plastiki inavutika inakuwa nyembamba halafu inafunguka kama mdomo wa kasuku. La kwako kwenye picha halijavimba hata kidogo, kuna kamstari kembamba kamefuata urefu wa bomba utadhani mtu kapitisha wembe. Huo ni ufa wa polepole, ulianza kitambo nyie mkiwa mnachota maji bila wasiwasi.

Plastiki ya poli ndani yake ni minyororo mirefu ya molekuli, kuna sehemu zimejipanga zikabanana na kuna nyuzi zinazoziunganisha. Ukiiwekea mzigo mdogo lakini usiokoma, mdogo kabisa kuliko wa kuikata siku hiyo hiyo, zile nyuzi zinachomoka taratibu pale penye mkwaruzo au palipokandamizwa. Mbele ya ncha ya ufa vinatokea vitundu vilivyoshikiliwa na nyuzi, zikikatika ufa unasogea, unatulia, unaanza tena. Joto linaharakisha, ndo maana maabara wanaichanja plastiki kwa wembe wanaivuta kwenye nyuzijoto 80 kwa mvuto wa megapaskali (kipimo cha nguvu juu ya eneo) 2.4 tu, wanahesabu masaa mpaka ikatike.

Sasa njoo kwenye jiwe. Huku milimani vijana wakishachimba mtaro wanarudishia kifusi kile kile na mawe yake, jiwe linakaa juu ya bomba linalibonyeza mchana na usiku, na pale lilipobonyea ukuta wa NDANI ndo unavutika, kwa hiyo ufa unaanzia ndani unakuja nje. Kata hicho kipande ukipasue kwa urefu uchungulie, naamini utakuta ufa umeanzia mkabala na alama ya jiwe, na uso wake ni laini, haujavutika.

Mikwaruzo nayo ni hivyo hivyo. Mafundi tunakokota roli la bomba kwenye changarawe, wakati kanuni ni kwamba mkwaruzo ukizidi asilimia 10 ya unene wa ukuta hicho kipande kinakatwa. Sabuni pia inaharakisha sana, angalia madumu ya sabuni ya maji yanavyopasuka kwenye kona.

Na msichukulie poa, jamani. Mwaka 1994 pale Waterloo, jimbo la Iowa, Marekani, bomba la plastiki la gesi lililofukiwa tangu 1971 lilipata ufa wa aina hii, gesi ikalipuka, watu 6 wakafa.

Kwa hiyo usifunge na mpira wa chubu, ncha ya ufa bado iko hai itaendelea mbele. Kata kipande kirefu kupita mwisho wa ufa, weka kapling (kiungio cha mabomba), mchanga chini na juu ndo kifusi kifuate. Halafu tupia hapa picha ya maandishi ya pembeni ya bomba. Kama ni PE100, yaani daraja la plastiki ya poli, hesabu yake ni ukuta kuvumilia megapaskali 10 kwa miaka 50 kwenye nyuzijoto 20, ila hiyo haina jiwe ndani yake, na nataka kuona unene walioandika unalingana na uliopo.