Usukani mdogo kwenye lori la zamani
Usukani mdogo kuliko wa awali unaweza kufungwa kwenye lori la zamani, mradi kitovu chake (sehemu ya katikati) kilingane na meno ya shafti ya usukani, au utumie adapta (kipande cha kuunganishia) iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo hiyo ya lori. Ila mikono ndiyo itakayoumia. Kwa kuwa utakuwa unasukuma karibu zaidi na kitovu, ukitoka kipenyo cha sentimita 43 hadi 38 utahitaji nguvu zaidi kwa takriban asilimia 13, jambo ambalo katika lori lisilo na pawa stelingi (mfumo wa kurahisisha kugeuza usukani) halisumbui sana lori likiwa katika mwendo, bali wakati wa kuegesha, tairi zinapogoma kugeuka (na hapo ndipo wengi hujuta). Kabla ya kukaza nati, hakikisha pia kwamba honi inalia na indiketa inajirudi yenyewe.