Santuri ya gitaa tupu inatatarika: ni uchafu, mkwaruzo au imelika?

Swali: Shemeji yangu aliyeko London ameniletea Pink Moon, albamu ya mwimbaji wa Kiingereza Nick Drake. Aliyemuuzia alimhakikishia kuwa ni ile ya mwanzo, ya mwaka 1972. Jalada ni zuri, lakini santuri inatatarika kama bisi zikiwa jikoni, na upande wa pili ukikaribia mwisho sauti ya mwimbaji inakwaruza kila anapotamka "s". Nimeifuta kwa kitambaa kikavu, ikazidi. Je, imekufa? Na nitajuaje kama kweli ni ya 1972?
Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Ndugu msomaji, tuanze na kelele. Mwaka unaweza kusubiri, kwa sababu santuri ya aina hii ikishalika, mwaka hauisaidii.

Albamu hiyo ni sauti moja na gitaa moja, na piano kidogo tu kwenye wimbo uliobeba jina la albamu. Hakuna ngoma wala besi. Kelele ambayo kwenye santuri ya muziki wa dansi usingeijali, hapa inakaa mbele ya mwimbaji. Ndiyo maana muuzaji akiandika VG (Very Good, yaani hali nzuri), daraja ambalo kwa rock linavumilika, mimi kwa gitaa tupu sinunui chini ya VG+, daraja la juu yake.

Kaa karibu na mashine ukiwa na saa. Ukisikia "tak" inayorudi kila baada ya sekunde 1.8, huo ni mkwaruzo: sahani inazunguka mara 33⅓ kwa dakika, na sindano inapita palepale kila mzunguko. Kuosha hakutauondoa. Mitatariko isiyo na mpangilio, leo hapa kesho pale, ni vumbi na umeme tuli, na kitambaa chako kikavu ndicho kilichouongeza: kusugua kavu kunaichaji sahani, nayo inavuta vumbi jipya huku mchanga wa zamani ukisukumwa ndani ya mifuo, ile mistari iliyochongwa ambamo sindano inapita. Hiyo inatibika.

Mkwaruzo kwenye "s" ndio unaonitia shaka. Kwa kawaida sauti hudhoofika kuelekea lebo, ile karatasi ya katikati, kwa sababu ya mwendo: ukingoni mfuo unapita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde, lakini sentimita 6 kutoka katikati unapita kwa 21 tu, na mawimbi yale yale yanabanwa kwenye nafasi ndogo. Lakini albamu hii nzima ina dakika 28 hivi. Upande wa dakika 14 hauna haja ya kusogea sana ndani, kwa hiyo nafasi peke yake si kisingizio. Imebaki sindano yako, au sindano nzito za wenye sahani waliotangulia.

Kuzitofautisha ni rahisi. Piga santuri nyingine unayoijua kuwa safi, usikilize wimbo wa mwisho. Ikikwaruza nayo, kosa ni la mashine. Pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo, usiamini namba za kwenye mkono wa mashine: sindano ya Ortofon 2M Red inataka gramu 1.8, Audio-Technica VM95E gramu 2.0. Watu wengi hupunguza uzito wakidhani wanaionea huruma sahani. Ni kinyume chake: sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfuo na kuuchimba kuta. Baada ya hapo kagua kwa kipimo cha karatasi (protractor) kama kichwa cha sindano kimekaa sawa. Ikiwa santuri ile nyingine inalia vizuri, basi yako imelika, na hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha.

Kabla ya kuikatia tamaa, ioshe. Changanya mililita 150 za maji yaliyokenekwa na mililita 50 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, isiyo na manukato. Maji hayo hupatikana kwa wauza vifaa vya magari, ila soma chupa vizuri, maana wengine wakisikia "maji ya betri" watakupa asidi. Maji ya kisima usiyaguse: chumvi yake ikikauka ndani ya mfuo itakutatarikia upya. Lowesha kitambaa laini cha kufutia miwani, futa kwa kufuata mzunguko wa mifuo, mizunguko 5 au 6 kila upande, na lebo isipate tone. Rudia kwa maji yaliyokenekwa matupu na kitambaa kingine. Hatua hii wengi huiruka, halafu uchafu ulioyeyuka unakauka palepale. Isimamishe kivulini dakika 20. Ukiona madoa meupe kama unga, hiyo ni kuvu, jambo la kawaida kwa joto letu la pwani. Osha mara mbili.

Angalizo kwa wenye urithi wa nyumbani: mchanganyiko huu usiuguse kwenye santuri za zamani za mizunguko 78, kama zile za taarab alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay kuanzia 1928. Zile ni za sheleki, utomvu uliotumika kabla ya plastiki, na alkoholi inaiyeyusha.

Sasa mwaka. Ya 1972 ni ya kampuni ya Island, namba ILPS 9184, jalada linafunguka kama kitabu, na lebo ina ukingo wa waridi na mchoro wa mnazi. Lebo ya machungwa na buluu ni ya 1975 na kuendelea. Msimbopau kwenye jalada unamaliza mjadala: si ya 1972. Lakini ukingo wa waridi peke yake hautoshi, kwa kuwa ulitumika miaka kadhaa. Inamisha sahani chini ya taa usome ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kama ilitengenezwa na kiwanda cha EMI kule Hayes, Uingereza, utaona namba ndogo kushoto au kulia kwa lebo na herufi ng'ambo yake. Herufi hizo zinatoka kwenye neno GRAMOPHLTD, G ikiwa 1, R 2, A 3, hadi T 9 na D 0, na zinataja muhuri, yaani bamba la chuma lililotumika kuchapa sahani. RA ni muhuri wa 23. Namba ya muhuri ikiwa ya chini, sahani ni ya mapema.

Drake aliuza santuri chache mno akiwa hai, na wimbo wa Pink Moon ulivuma hasa baada ya tangazo la Volkswagen la 1999 huko Marekani. Nyingi zinazozunguka ni matoleo ya baadaye. Kwa kusikiliza tu, toleo jipya lililo kimya ni ununuzi bora kuliko la 1972 lililolika.

Ukishaiosha, iweke kwenye mfuko mpya wa ndani wa plastiki laini, usiwe wa PVC, kwani kwenye joto PVC huacha ukungu juu ya sahani. Isimamishe wima, isiegemee. Mfuko wake wa zamani usiutupe, una thamani kwa mkusanyaji: uweke ndani ya jalada ukiwa mtupu.