Kusoma sanaa na kwenda ngomani

SWALI: Mwanangu kapangiwa kidato cha tano huko Tabora, mchepuko wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Nilipomweleza mama kwamba mjukuu wake anakwenda kusoma sanaa, aliuliza kama ngoma za hapa Ujiji hazimtoshi. Halafu binamu yake aliyeko chuo Marekani anasema anasoma "sanaa huria", lakini humo humo ana somo la fizikia. Je, hicho ni Kiswahili? – Mama, Ujiji

JIBU: Shikamoo yangu imfikie bibi kwanza, maana Kiswahili chake hakina kosa. Kwetu sanaa ni kuchora, kuchonga, kuimba, kuigiza. (Mtaani msanii ni hata yule anayekuuzia kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu, hilo tuliache.) Historia na Kiingereza viliitwa sanaa kwa kufuata Kiingereza, ambako neno moja hubeba uchoraji na masomo yasiyo ya maabara. Jina lisilochanganya lipo: insia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Insia. Bibi atauliza ndiyo nini. Mjibu kwamba ni habari za binadamu, lugha zao na yaliyowapata.

La binamu ndilo tamu. Neno sanaa limetoka Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kutengeneza. Kwa asili hiyo fundi anayeunda mtumbwi pale Kibirizi ana sanaa sawasawa na mchoraji. Kilatini nacho kina ars, yaani ustadi wa kufanya jambo. Ndiyo maana wasomi wa Ulaya ya kale walipohesabu sanaa saba, hizo hizo zilizoitwa huria, hawakutaja uchoraji wala uchongaji. Walitaja sarufi, mantiki na balagha (ufasaha wa kusema), kisha hesabu, jometri, muziki na falaki (elimu ya nyota). Muziki uko kundi moja na hesabu! Mpiga zeze hatashangaa. Akiubana uzi katikati kabisa, sauti hupanda oktavu nzima (noti ile ile, ila ya juu zaidi), na hapo wimbo na hesabu ya nusu ni kitu kimoja. Kwa hiyo fizikia ya binamu haikudandia sanaa juzi. Dada zake falaki na jometri walikuwamo tangu zamani.

Tatizo ni hiyo "huria". Kilatini kilikusudia masomo yanayomfaa mtu huru, asiye mtumwa. Kiswahili kina neno la mtu huyo: muungwana. Na nyinyi wa Ujiji mnalijua kuliko wengi. Karne ya 19 watu wa misafara ya pwani, waliopita Tabora wakateremka hadi ziwani kwenu, walijiita waungwana, na Kiswahili chao kilipovuka kwenda Kongo kikaitwa Kingwana. Tafsiri inayokaa sawasawa, basi, ingekuwa "elimu ya kiungwana". Siipendekezi. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na ukisema huyu kasoma elimu ya waungwana unamwacha mwingine akijiuliza yeye basi ni nani. "Huria" nayo ina wenyewe tangu miaka ya 1990: Chuo Kikuu Huria, soko huria. Msikilizaji atadhani binamu anasomea nyumbani kwa posta.

Mimi natumia elimu mseto. Najua mtasema mseto ni dawa ya malaria. Vizuri! Dawa mbili kidonge kimoja, au mchele na choroko chungu kimoja. Hakuna anayehitaji kamusi. Mwanafunzi anayesoma fizikia asubuhi na ushairi jioni anakula chungu hicho. Hata hapa nyumbani tunao mseto kidogo: jiografia iko HGL pamoja na historia, na iko CBG pamoja na kemia na baiolojia, wala haijalalamika.

La mwisho, mama, usinune. Mwanao amepangiwa mchepuo. Mchepuko ni habari nyingine kabisa, na kwa umri wake bado mapema. Ukiogopa hiyo "k", andika tahasusi, kama wizara inavyoandika siku hizi.