Je, taa za magari zinatosha kushushia ndege ya mgonjwa usiku?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni tabibu kwenye zahanati huku Simanjiro. Tuna kiwanja cha ndege cha vumbi, urefu mita 1,000, na ndege hutua mchana tu. Masika barabara hukatika, mama mjamzito akianza kutoka damu saa 2 usiku tunabaki kusubiri kuche. Kijijini kuna magari manne na bodaboda nyingi. Tukiziwasha kando ya njia, ndege itatua? Au tununue taa za sola, na tununue ngapi?

JIBU: Marahaba, tabibu. Taa za magari zimewahi kuokoa mgonjwa, ila usizifanye ndiyo mpango wenyewe. Mwaka 2019 huko Igiugig, Alaska, kijiji cha watu wapatao 70, taa za kiwanja ziligoma kuwaka ndege ilipokuja kumchukua mtoto mgonjwa. Watu wakapigiana simu, wakapanga magari na pikipiki za magurudumu manne ukingoni mwa njia, ndege ikatua. Lakini kile kilikuwa kiwanja chenye taa zake, zilizogoma usiku ule. Chenu hakijawahi kuwa nazo.

Usiku kazi ngumu ya rubani ni kujua yuko juu kiasi gani. Porini hakuna taa za nyumba wala za barabara. Anaona mistari miwili ya taa katikati ya giza tupu, na macho yanamdanganya kwamba yuko juu kuliko alivyo. Anashuka zaidi, na kabla ya njia kuna miti. Marubani huliita shimo jeusi. Kinachomsaidia ni umbo: upana kati ya mistari, na nafasi kati ya taa na taa. Mkizipanga kwa kukadiria, mistari ikabanana, njia itaonekana nyembamba na yeye atajiona yuko juu zaidi. Ndiyo maana taa hafifu zilizopimwa kwa kamba nazipenda kuliko taa kali zilizowekwa ovyo. Bodaboda thelathini, kila moja ikimulika kwake, naziogopa kuliko giza.

Sasa hesabu. Kanuni za kimataifa za viwanja visivyo na vyombo vya kuongozea ndege zinataka taa nyeupe za pembeni zisiachane zaidi ya mita 100, na zisikae zaidi ya mita 3 nje ya ukingo. Kwa mita 1,000 ni taa 11 kila upande, jumla 22. Kila ncha ya njia iwe na taa zisizopungua 6, za kijani kwa anayekuja kutua na nyekundu kwa upande wa pili. Zipo zenye rangi mbili, mgongo kwa mgongo. Jumla ni 34, ongeza za akiba. Msizipime siku ya dharura. Pimeni mchana, kila sehemu ya taa mfukie jiwe lililopakwa chokaa, lilingane na ardhi lisigonge tairi. Usiku vijana wawili kwenye toroli wataweka taa juu ya mawe bila kubishana. Kifuko cha upepo, kile kinachomwonyesha rubani upepo unavumia wapi, nacho kimulikwe, watu hukisahau.

Fedha za sola zikichelewa, makopo ya mafuta ya taa yanafanya kazi. Australia, ambako huduma ya madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege ilianza mwaka 1928, wenye mashamba ya mbali wameshatumia hata karatasi za chooni zilizolowekwa mafuta ndani ya kopo. Tatizo ni upepo, na nyasi kavu za Septemba. Fyekeni kwanza.

Magari yenu manne yana kazi nzuri zaidi. Moja lipite njia nzima, kwenda na kurudi, dakika chache kabla ndege haijafika, kufukuza punda, ng'ombe na fisi. Kisha yote yatoke nje ya njia. Likibaki la kumulika mwanzo wa njia, likae pembeni na taa zielekee kule ndege inakoelekea, kamwe zisimkabili rubani.

Haya yote hayana maana kama kampuni ya ndege haijakikagua kiwanja na Mamlaka ya Usafiri wa Anga haijaridhia kitumike usiku. Anzeni na barua hiyo kabla ya kununua hata taa moja, na mkubali kwamba rubani akisema hapana, ni hapana. Ulizeni pia kama kiangazi, barabara ikipitika, gari la wagonjwa linaweza kumfikisha mgonjwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambako taa zipo tayari. Na kumbuka giza letu huingia haraka, jua likizama mna takriban dakika 20 tu za mwanga wa kufaa. Mgonjwa wa saa 10 jioni aombewe ndege saa 10, asisubiri aonekane amezidiwa.

Taa zikishafika, ziwekeni mahali zinapopata jua, mzifute vumbi, mziwashe zote usiku mmoja kila mwezi hadi asubuhi. Zitakazozimika kabla ya alfajiri betri zake zimechoka. Na ufunguo wa stoo usikae kwa mtendaji peke yake. Chongesheni wa pili, muutundike kwenye chumba cha kujifungulia.