Riwaya inapolala msimu wa kazi nyingi

Ndugu yangu, umesema kila ukifika wakati wa kufunga hesabu za mwaka kazini, riwaya yako inalala, na ukiirudia humtambui tena mhusika wako. Nakuelewa, hata mimi yalinikuta. Nilishusha lengo hadi sentensi 3 kwa siku, tena naacha katikati ya tukio nikiwa najua kinachofuata, ili kesho nisikutane na ukurasa mtupu. Siku ukishindwa hata hizo, soma tu aya ya mwisho. Sauti ya mhusika isikupotee. Usingizi usiuguse, tafadhali. Niliuiba ili niandike, nikaishia kufuta sura nzima. Ila kama hata mambo mengine uliyoyapenda hayakuvutii kwa wiki 2 au zaidi, muone daktari.